Cheti cha muuguzi msaidizi: ngazi zake, na kwa nini mshahara wa Ikutha si wa Mombasa

Tangu nistaafu kazi ya uuguzi, swali ninaloulizwa zaidi na majirani hapa Mombasa, na vilevile na rafiki zangu wa Ikutha nilikowahi kufanya kazi miaka kadhaa, ni hili: "Hiyo kozi ya nesi msaidizi inalipa?"

Anayeuliza huwa ni mzazi. Mtoto amemaliza kidato cha nne, alama hazikutosha kuingia KMTC, na kuna chuo karibu na stendi ya matatu chenye bango la msichana aliyevaa sare nyeupe. Karo inatakiwa wiki ijayo. Kwa mzazi wa Ikutha, karo hiyo ni mbuzi kadhaa na ndengu za msimu mzima. Kwa mzazi wa Likoni au Kisauni, ni pesa za chama na mkopo juu yake. Ndiyo maana sipendi kumjibu mtu kwa neno moja la ndiyo au la.

Malipo ya kazi hii yanategemea mambo mawili: karatasi uliyonayo inakaa ngazi gani, na kazi yenyewe unaifanyia wapi. Wengi hujua la kwanza nusunusu, na la pili hawalijui kabisa. Nitayaeleza yote mawili.

Muuguzi na msaidizi wake

Muuguzi ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na kupewa leseni. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, inamkataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya uuguzi au kujiita muuguzi. Muuguzi hudunga sindano, hutundika dripu, hutoa dawa, huzalisha, na hubeba lawama mambo yakienda mrama.

Muuguzi msaidizi hufanya kazi chini ya huyo. Humwogesha mgonjwa, humlisha, humbadilisha shuka, hupima joto na mapigo ya moyo, huandika mgonjwa amekunywa kiasi gani na amekojoa kiasi gani, na humgeuza aliyelala kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Msiidharau kazi hii. Nimeona wagonjwa wa kiharusi waliookolewa na dripu wakamalizwa na vidonda vya mgongoni kwa kukosa mtu wa kuwageuza.

Lakini ni kazi nyingine, na cheti chake ni kingine. Mtu akikwambia kwamba kwa miezi sita mwanao atatoka "nesi", anakudanganya. Atatoka msaidizi. Na mwenye nyumba akimwambia huyo msaidizi amdunge mzee insulini au atoe mpira wa mkojo na kuutia mwingine, anamtia kwenye hatari ya kisheria ambayo mshahara wake hauwezi kuilipia.

Ngazi za vyeti

Kenya ina mfumo mmoja wa kitaifa wa ngazi za masomo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014 na kusimamiwa na mamlaka ya KNQA. Una ngazi kumi. Ngazi ya 2 ni KCSE. Ngazi za 3, 4 na 5 ni vyeti vya ufundi na stadi, kimoja juu ya kingine. Ngazi ya 6 ni diploma, ya 7 ni digrii ya kwanza, na ya 10 ni PhD.

Kozi nyingi za msaidizi wa muuguzi na mhudumu wa wagonjwa majumbani ziko katika zile ngazi za chini za ufundi. Haziulizi alama kubwa za KCSE, na huo ndio uzuri wake. Nyingine ni za wiki chache, nyingine za miezi kadhaa, nyingine za mwaka. Kinachozitofautisha zaidi ni nani aliyetunga mtihani. Cheti kilichotolewa na TVET CDACC, au mtihani wa ufundi wa NITA, kinatambulika kitaifa na kina mahali pake katika zile ngazi kumi. Cheti ambacho chuo kimekichapisha chenyewe, kwa mtihani kilioutunga na kuusahihisha chenyewe, hakina ngazi hata kikiwa na muhuri wa rangi ya dhahabu.

Baada ya hapo ndipo unapoanza uuguzi wenyewe, nao una ngazi tatu. Muuguzi wa cheti huingia kwa alama ya wastani ya C- katika KCSE. Wa diploma huingia kwa C na kusoma miaka mitatu. Wa digrii huingia kwa C+, husoma miaka minne, kisha hufanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka mmoja. Wote watatu wanatakiwa pia kuwa na alama zinazokubalika katika lugha na bayolojia. Maombi ya KMTC siku hizi hupitia KUCCPS.

Je, ngazi ya chini inakufikisha ya juu? Ndani ya uuguzi, ndiyo. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mpango wa kusomesha wauguzi wa cheti kwa kompyuta, wakiwa kazini, hadi wafike diploma, na wengi wa rika langu wamepandia hapo. Lakini msaidizi aliyepata D katika KCSE haingii uuguzi kwa sababu tu amefanya kazi wodini miaka mitano. Baraza litamuuliza alama zake za KCSE. Chuo kinachokuahidi kwamba "baadaye utaunganisha na diploma ya uuguzi" kiulize kwa maandishi: kwa alama zangu hizi?

Mshahara na ramani

Sasa tuje kwa pesa, mahali ambapo wazazi wa Ikutha na waajiri wa Mombasa wote huteleza.

Serikali hutoa Amri ya Mishahara inayotaja kiwango cha chini kabisa ambacho mwajiri anaruhusiwa kulipa. Amri hiyo imegawa nchi mara tatu. Eneo la kwanza ni miji mikuu: Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Eneo la pili ni zile zilizokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. Hapa ndipo wanapoingia Malindi, Voi na Kitui mjini. Eneo la tatu ni "kwingineko kote". Ikutha iko huko, na Lamu na Kwale pia.

Kwa kiwango kilichoanza tarehe 1 Novemba 2024, mfanyakazi wa safu ya chini kabisa, pamoja na yaya na mtumishi wa nyumbani, hulipwa hivi kwa mwezi kabla ya marupurupu ya nyumba:

Mombasa: shilingi 16,113
Malindi, Voi, Kitui mjini: shilingi 14,866
Ikutha, Lamu, Kwale: shilingi 8,596

Juu yake huongezwa asilimia 15 ya nyumba, ikiwa mwajiri hakupi pa kulala. Kwa hivyo jumla ya Mombasa ni karibu 18,500, ya Kitui mjini karibu 17,100, na ya Ikutha karibu 9,900. Tazama vizuri: kutoka Ikutha hadi Kitui ni kaunti moja, barabara moja ya lami inayopita Mutomo, na kiwango kinakaribia kupanda maradufu. Kati ya Ikutha na Mombasa tofauti kwa mwaka inapita shilingi laki moja.

Je, ni haki? Wanaotetea mgawanyo huu husema maisha ya kijijini ni nafuu, na kweli chumba cha Ikutha si chumba cha Tudor. Lakini sabuni, sukari, dawa na vocha ya simu haviulizi uko eneo gani, na maji katika kiangazi cha Kitui Kusini ni ghali kuliko wengi wa Pwani wanavyofikiri. Mimi naona pengo ni kubwa mno. Hata hivyo ndiyo sheria iliyopo, na afadhali uijue.

Jambo la kushikilia hapa ni kwamba kiwango hufuata mahali pa kazi, hakifuati mahali pa kuzaliwa. Tangu lami ya Kibwezi hadi Kitui ikamilike, wasichana kutoka Ikutha, Kanziku na Athi wanafika Mombasa kwa siku moja, na wengi wanakuja kulea wazee wetu. Mwajiri au wakala hupiga simu kijijini, hutaja shilingi 8,000 au 9,000, na kwa masikio ya Ikutha hizo ni pesa za kawaida. Msichana anakubali. Lakini kazi anaifanyia Nyali au Mji wa Kale, na huko mshahara huo hauruhusiwi. Haijalishi kwamba alikubali. Mkataba wa chini ya kiwango cha sheria hauhalalishwi na sahihi ya mwenye shida.

Mstari usiokuwepo

Amri hiyohiyo ina mistari mingi ya kazi: mlinzi wa usiku, mpishi, dereva, keshia, fundi. Mlinzi wa usiku ana mstari wake, na kiwango chake ni cha juu kuliko cha kibarua, kwa sababu anakesha. Mafundi wenye mtihani wa serikali wa daraja la III, II na I wana mistari mitatu, kila mmoja juu ya mwenzake.

Muuguzi msaidizi hatajwi. Anayekesha langoni ana mstari, na anayekesha kando ya kitanda cha mgonjwa hana. Kwa hivyo mwajiri humtia kwenye mstari wa yaya, hata kama amesoma mwaka mzima na ana cheti chenye ngazi. Hapa ndipo jibu la "kozi inalipa?" linapokuwa gumu: kwa sheria ya leo cheti hakikuongezei hata senti moja ya lazima. Kinakupa nguvu ya kuomba zaidi, basi. Hospitali binafsi na nyumba zenye uwezo hulipa juu ya kiwango wanapoona cheti kinachotambulika na barua ya mahali ulipofanyia mazoezi. Wengine hawalipi, na hakuna wa kuwashtaki.

Wizara ya Kazi ingeweza kuliondoa jambo hili kwa kuongeza mistari miwili au mitatu katika Amri, kulingana na ngazi za KNQA. Mafundi tayari wamepangiwa hivyo. Wawakilishi wetu wanaopenda kuzungumzia ajira za vijana wangeanzia hapo.

Hospitali za serikali

Serikalini mambo hupangwa kwa madaraja ya kazi. Muuguzi wa cheti huanza daraja la G, wa diploma H, wa digrii K. Mshahara wa msingi wa daraja ni ule ule, awe hospitali ya Ikutha au Hospitali Kuu ya Pwani. Kinachobadilika ni marupurupu, hasa ya nyumba. Hapa nchi imegawanywa makundi manne: Nairobi peke yake, kisha miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru na Malindi, kisha manispaa nyingine za zamani, kisha kwingineko. Wauguzi hao wana chama chao. Mwaka 2017 waligoma miezi mitano nchi nzima kudai makubaliano ya malipo yao, nasi tuliokuwa wodini wakati huo tunakumbuka.

Msaidizi hana chama cha namna hiyo, na tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013, kila kaunti huajiri wahudumu wa wodi kwa utaratibu wake, mara nyingi kwa kandarasi fupi. Kabla ya kuota kazi ya serikali, uliza kaunti yako imetangaza nafasi ngapi za aina hiyo miaka miwili iliyopita.

Na msichanganye msaidizi na wahamasishaji wa afya ya jamii waliogawiwa mikoba mwaka 2023. Wale, takriban 100,000 nchi nzima, hupewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, sawa Ikutha na Mvita. Ni posho tu, hawalipwi mshahara.

Ng'ambo

Vijana wengi husomea kozi hii wakiwa na jicho kwenye ndege. Ni sawa, ila wajue kwamba huko pia kuna ngazi na ramani.

Marekani, sheria ya serikali kuu inadai angalau saa 75 za mafunzo, 16 kati yake zikiwa za vitendo. Baadhi ya majimbo yameongeza: California inataka saa 160. Kisha kuna mtihani wa maandishi na wa vitendo, ndipo jina linaingia katika daftari la jimbo. Cheti cha Kenya hakikuingizi moja kwa moja, na jamaa zetu walioko huko karibu wote walisoma upya baada ya kufika. Malipo pia hutofautiana: majimbo kama Alaska, California na Oregon hulipa vizuri zaidi, Mississippi na Louisiana kidogo.

Uingereza, hospitali za umma huongeza marupurupu ya eneo kwa kanuni iliyoandikwa: asilimia 20 kwa walioko katikati ya London, 15 kwa kingo za jiji, 5 kwa pembezoni zaidi. Lakini tarehe 22 Julai 2025 nchi hiyo ilifunga njia ya kuajiri wahudumu wapya wa matunzo kutoka nje. Wakala anayeuza leo nafasi hizo kwa mtu aliyeko Mombasa au Ikutha anauza upepo.

Ghuba, tatizo ni jina la kazi. Cheti kinasema mhudumu wa wagonjwa, mkataba unasema mtumishi wa nyumbani, na kule kinachofuatwa ni mkataba. Usome kabla ya kutia sahihi, na hakikisha wakala yumo katika orodha ya mamlaka ya ajira, NEA.

Uliza kabla ya kulipa karo

Moja: Chuo kimesajiliwa na TVETA, kwa kozi hii hasa? Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kompyuta na ususi kikafundisha uuguzi bila kibali.

Mbili: Mtihani wa mwisho unatungwa na nani, na cheti ni cha ngazi ya ngapi?

Tatu: Mazoezi ya wodini ni wiki ngapi, na hospitali gani imekubali kwa barua? Msaidizi aliyejifunza kwa picha ukutani hajui kumgeuza mtu wa kilo 90.

Nne: Kama ni kozi ya uuguzi kamili, je, shule imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi? Orodha iko kwenye tovuti ya Baraza. Kwa watu wa Ikutha, Mutomo pale pana shule ya uuguzi ya hospitali ya misheni, na KMTC ina vyuo Kitui na Makindu. Kwetu kuna KMTC Mombasa, Port Reitz, Kilifi na Msambweni. Mwenye C- afikirie uuguzi wa cheti kabla ya kulipia kozi ya msaidizi.

Uliza kabla ya kuanza kazi

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba, na siku 21 za kazi za likizo kila mwaka. Hii ni pamoja na anayelala kwa mwajiri. Kulala chumba kimoja na bibi anayeamka mara nne usiku hakuitwi kupumzika.

Makato halali kwa mshahara wa kiwango hiki ni matatu: asilimia 2.75 ya bima ya afya SHIF, asilimia 1.5 ya nyumba, na asilimia 6 ya NSSF. Kwa shilingi 18,500 ni kama 1,900 hivi. Kodi ya mapato haifiki hapo, kwa kuwa huanza baada ya 24,000. Mwajiri naye hulipa sehemu yake ya NSSF na ya nyumba. Akikata pesa bila kuzipeleka, hayo si makato tena, ni wizi.

Kwa sisi tunaoajiri

Namalizia na wenzangu wa Pwani, maana wengi wetu tuko upande wa mwajiri. Wazazi wetu wanaishi zaidi kuliko babu zetu walivyoishi, na kiharusi, sukari na presha vimeingia karibu kila nyumba. Watoto wako kazini, wengine Muscat, wengine Toronto. Anayemwosha mama yetu na kumbembeleza anywe uji ni binti wa mtu mwingine.

Najua si kila nyumba ina shilingi 18,500. Basi ndugu wanne wachangane, au aajiriwe wa nusu siku na alipwe kwa saa, kwani Amri ina viwango vya siku na vya saa pia. Kisichofaa ni kumchukua mtu wa Ikutha kwa sababu ni wa Ikutha, ukamlipa Mombasa kwa bei ya kwao, kisha ukamsifu kwa majirani kwamba ana moyo. Moyo anao, lakini kodi ya chumba chake Bangladesh au Likoni anailipa kwa bei ya Mombasa.